Kabati la harusi na kilo za hewa: nyota tatu kwa duka la samani

Nianze na nyota, maana najua wengi wenu mkishaona idadi hamsomi tena. Tatu. Zingekuwa nne kama si mizani yao, na zingekuwa mbili kama si fundi wao mmoja, mzee mwenye kofia ya viua.

Jina la duka silitaji. Mwenye duka tulielewana mwishoni, sina haja ya kumvua nguo mbele za watu. Liko kisiwani Mombasa, upande wa Mwembe Tayari, lina vioo vikubwa na kiyoyozi kikali hata ukajifunga mtandio vizuri. Waliotafuta vyombo vya bi harusi mwaka huu huenda wamelipita.

Binti yangu wa mwisho aliolewa Shaaban, kama kawaida ya watu wanaoiwahi Ramadhani. Chumba kilitaka kitanda cha sita kwa sita, kabati la milango minne na meza ya kujipambia. Mimi nilitaka seremala wa hapa hapa, mtu ninayeweza kumwendea na kumgombeza. Yeye alikuwa ameshaviona vya nje kwenye simu, vyeupe vyenye mishikio ya dhahabu, na mwenye harusi hagombezwi. Tukaenda.

Lazima niwaambie kazi niliyofanya, msije mkajiuliza bibi wa miaka 62 anasoma nini ubavuni mwa katoni. Miaka 27 nilikuwa karani wa hati katika kampuni ya kliaringi na fowadingi, yaani ya kutoa mizigo bandarini. Mezani kwangu kulipita ankara, hati za shehena na pakinglisti: uzito wa jumla huku, uzito wa bidhaa peke yake kule, idadi ya katoni, bei. Mtu akikaa na karatasi hizo muda huo wote, kilo huacha kuwa namba. Zinakuwa kama sauti za watu. Hii inasema wazi, hii inameza mate.

Na samani zina sauti yake. Tangu Julai 2022, samani zinazotoka nje ya Afrika Mashariki ziko kwenye fungu la juu la ushuru wa forodha, asilimia 35, na hapo VAT ya asilimia 16 hujaigusa. Kwa hiyo kabati likiandikwa jepesi kuliko lilivyo, au likaitwa la bei ya mbao za kuokota, kuna mtu anatabasamu mahali. Sisemi kwamba ndivyo walivyofanya hawa. Nasema ndivyo macho yangu yalivyofundishwa kutazama.

Dukani tulipokewa vizuri. Maji baridi, kiti, "karibu mama, shikamoo." Kijana muuzaji alikuwa mchangamfu na hakutuandama nyuma kama kivuli, jambo ninalolichukia katika maduka mengi ya mji huu. Tatizo likaja tulipofika kwenye kabati.

"Hili ni mbao tupu, mama."

Nikaligonga kwa kidole cha pete. Mvule ukiugonga unakujibu. Hili lilinong'ona. Nikavuta droo ya chini nikaipindua, na pale ambapo rangi haikufika nikaona nilichokitarajia: vumbi la mbao lililobanwa kwa gundi, juu yake karatasi yenye picha ya mistari ya mti. Nikamwonyesha. Kijana akatazama, akacheka kwa aibu, akasema, "Basi ni mbao ya kisasa."

Nilimpenda kwa hilo. Bei ikashuka kutoka 92,000 hadi 78,000, na kitanda tukakipata kwa 54,000. Kwa vumbi lililobanwa bado ni ghali, lakini bawaba ni nzuri, za chuma kizito, mlango unajifunga wenyewe polepole bila kishindo. Meza ya kujipambia sina neno nayo. Kioo chake hakipotoshi uso, na hilo si dogo.

Risiti ilichelewa. Mtandao ulikuwa umelala, na mimi siondoki dukani bila risiti ya KRA, mamlaka ya kodi. Nikakaa kwenye kochi moja la ngozi, la mtindo wa Kitaliano, nikisubiri. Hapo ndipo nilipomkumbuka Yuri wa Magazeti.

Binti yangu aliponiona nimetulia akajua. "Mama, usimlete Mrusi kwenye harusi yangu." Lakini alikuwa ameshaingia.

Yuri alikuja nyumbani kwetu kupitia kaka yangu mkubwa, Mungu amrehemu. Kaka alisoma uhandisi Moscow, Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, miaka ya themanini, na barua zake kwetu zilikuwa nusu kuhusu baridi na nusu kuhusu magazeti. Mwaka 1988 akatuandikia kwamba bweni zima limepigana kwa nakala moja ya Literaturnaya Gazeta, gazeti la wiki ambalo kwa jina ni la waandishi wa fasihi. Ndani mlikuwa na mazungumzo kati ya mwandishi Yuri Shchekochikhin na afisa wa polisi, Aleksandr Gurov, wakisema hadharani kitu ambacho serikali ilikuwa ikikana miaka yote: kwamba Urusi ya Kisovieti ina mafia, na mafia hao wana watu wao ndani ya ofisi kubwa. Kichwa cha habari kilikuwa "Simba Karuka". Kaka akaongeza pembeni kwamba huyo Gurov, mwaka 1973 akiwa polisi kijana, alimpiga risasi simba wa kweli mjini Moscow, simba aliyefugwa na familia moja nyumbani kwao na kutumika kwenye filamu. Tulidhani kaka baridi imempanda kichwani. Kumbe ni kweli.

Jina lile la ukoo hata kaka alilitamka baada ya kuvuta pumzi. Sisi tukambatiza Yuri wa Magazeti, akabaki hivyo.

Alizaliwa 1950 Kirovabad, mji ulioko Azerbaijan ambao leo unaitwa Ganja. Aliingia magazetini akiwa bado kijana mdogo. Katika Komsomolskaya Pravda aliendesha ukurasa wa vijana ulioitwa Tanga Jekundu, na huko, alivyosema kaka, ndiko alikojifunza kumsikiliza mtu ambaye hakuna mwingine anayemsikiliza. Mwaka 1980 akahamia Literaturnaya Gazeta, akawa mkuu wa idara ya upelelezi wa habari. Baadaye akaingia bungeni, kwanza katika Bunge la Kisovieti kwa kura za watu wa Luhansk, kisha katika Duma ya Urusi kwa chama cha Yabloko. Kalamu hakuiweka chini. Mwaka 1996 akajiunga na Novaya Gazeta, akawa naibu mhariri na mkuu wa wapelelezi wake. Kaka alikuwa ameshaoa na kurudi Mombasa wakati huo, lakini saiba, duka la intaneti, ya kwanza kufunguliwa karibu na Digo Road ilipata mteja mmoja aliyekuwa akisoma Kirusi tu, kwa shilingi kadhaa kwa dakika, na shemeji akigomba.

Sasa, samani.

Mwaka 2000 maofisa wa forodha wa Urusi waligundua kwamba samani zilizokuwa zikiuzwa katika maduka mawili makubwa ya eneo la Moscow zimeingia nchini kwa karatasi za uongo. Duka moja liliitwa Tri Kita, yaani Nyangumi Watatu, la pili Grand. Makochi ya Ulaya yalikuwa yameandikwa mepesi kuliko yalivyo na rahisi kuliko yalivyo. Kaka aliponisimulia hili sikuhitaji tafsiri. Nilikuwa na kalamu mkononi na pakinglisti mbele yangu, nikamwambia, "Hilo hata hapa karani wa wiki mbili analijua." Akasema subiri.

Faili likachukuliwa na ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu, likafungwa. Waliogeuziwa kibao ni wale waliofichua: maofisa wa forodha wakashtakiwa, na mpelelezi wa wizara ya mambo ya ndani aliyeshika kesi, Pavel Zaitsev, naye akapelekwa mahakamani. Yuri akaanza kuandika. Aliandika kuhusu makochi, kontena, nani anamjua nani, na kwa nini mtu aliyesoma uzito sawasawa yuko kizimbani ilhali aliyeuandika vibaya yuko dukani akiuza. Akiwa mbunge alikuwa na haki ya kupeleka maswali rasmi ofisini na kudai majibu kwa barua, na haki hiyo aliitumia kama fundi anavyotumia randa, kila siku.

Mei 2003 shahidi mmoja, Sergei Pereverzev, mtu wa biashara ya samani, aliuawa kwa risasi akiwa amelazwa hospitali. Juni Yuri akaenda Ryazan kikazi, akarudi na homa. Ngozi ikaanza kumtoka, nywele zikamwagika, viungo vya ndani vikaacha kazi kimoja kimoja. Alifariki tarehe 3 Julai 2003 katika Hospitali Kuu ya Kliniki mjini Moscow, umri wake 53, siku chache kabla ya safari ya Marekani ambako alikuwa akutane na watu wa FBI kuhusu kesi hiyo hiyo. Madaktari walisema ni aina kali ya mzio. Wenzake walisema ni sumu, na wanasema hivyo hadi leo. Familia ilipoomba karatasi za ugonjwa wake ikaambiwa ni siri ya kitabibu. Uchunguzi rasmi ulifunguliwa 2008, ukafungwa 2009, ukisema hakuna ushahidi wa sumu.

Karatasi hizo ndizo zilizonikaa. Mtu maisha yake yote anasoma karatasi za wengine, akifa mwenyewe watu wa nyumbani kwake hawapewi hata ukurasa wa maiti wao. Kaka aliponieleza hilo alikuwa amekaa barazani kwetu Kibokoni, kikombe cha kahawa mkononi kimepoa, wala hakukinywa.

Mwenye Nyangumi Watatu, Sergei Zuev, alikuja kukamatwa 2006 na kuhukumiwa miaka 8 mwaka 2010. Na mhariri mkuu wa Novaya Gazeta, Dmitry Muratov, alipopata tuzo ya amani ya Nobel 2021, alisema si yake, akataja majina ya wenzake waliokufa. La Yuri lilikuwemo, pamoja na la Anna Politkovskaya. Kaka hakuishi kuliona hilo.

Risiti ikatoka. Turudi kwenye duka.

Mzigo uliletwa kesho yake. Nyumba ya mkwe wangu iko Mji wa Kale, kichochoro ambacho hata tuktuk inakiogopa, kwa hiyo gari lao lilisimama barabarani na mzigo ukaingia kwa mkokoteni. Hilo walilijua na walilipanga, pongezi zao. Kisichonipendeza ni kwamba duka hutoza usafirishaji kwa kilo: shilingi 20 kila kilo, ndani ya kisiwa. Dereva akanipa karatasi. Kilo 268, jumla 5,360.

Nikavaa miwani.

Kila katoni ina uzito wake umechapwa ubavuni. Nikakaa kwenye ngazi, jua la saa saba likiniwakia, hamali wamekaa juu ya mkokoteni wakinitazama, nikajumlisha nyuma ya karatasi ile ile. Kabati, katoni nne: 38, 36, 29, 21. Kitanda, mbili: 31 na 22. Meza, moja: 19. Jumla 196.

"Mwanangu, hizi kilo 72 nyingine ziko wapi?"

"Mama, hizo namba ni za kiwandani."

"Na zako ni za wapi?"

Hamali mmoja akacheka mpaka akashika mkokoteni. Kilo 72 ni mtu mzima, tena aliyeshiba. Miaka yote 27 nilitafuta kilo zinazopungua zikipita kwenye karatasi, na hapa mlangoni mwa mkwe wangu zilikuwa zinaongezeka. Nililipa kwa sababu hamali hawana kosa na mchana ulikuwa mkali, lakini kila ubavu wa kila katoni niliupiga picha. Jioni nikaanza kuandika maoni haya. Yalikuwa na nyota moja na neno "wezi" lilikuwa kwenye mstari wa kwanza.

Kabla sijafika huko nimsifu fundi. Kabati halikupita kwenye ngazi. Nyumba za Mji wa Kale ngazi zake zilijengwa kwa watu waliokuwa wakibeba visanduku, si milango minne. Vijana wawili wa duka walikuwa wameshakata tamaa, wanasema mzigo urudi. Yule mzee akapanda peke yake, akapima dirisha kwa mkono wake, shibiri na nusu shibiri, akashuka akaomba kamba. Ubao mmoja mmoja ukapandishwa nje ya ukuta hadi ghorofa ya pili, umefungwa blanketi pembeni usichubue chokaa ya watu. Jirani wa mbele alitoa kichwa akawa msimamizi bila kuombwa. Saa tatu baadaye kabati lilikuwa limesimama. Skrubu sita hazikuwemo kwenye katoni, akatoa zake mfukoni. Bawaba moja ilikuwa imetobolewa mahali pabaya, akaziba tundu kwa kijiti na gundi, akatoboa upya. Soda alikataa. Kahawa na kaimati alikubali. Nikimpima yeye peke yake, nyota tano na dua.

Asubuhi nikaenda dukani na picha zangu. Mwenye duka, bwana wa makamo, mpole wa maneno, alianza kwa kuniambia uzito ni wa kukadiria. Nikamwambia ukadiriaji hauwi kwa namba kamili. Akasema wanapima wenyewe stoo, mizani ipo. Nikamwambia twende.

Alikubali, na hapo ndipo nilipoanza kuona aibu kidogo. Stoo iko nyuma, na nje yake walikuwa wakijenga ukuta, kuna mifuko ya saruji. Nikaomba mmoja, mpya, haujafunguliwa, wa kilo 50. Kijana akauweka juu ya mizani.

Ikasoma 68.

Hakuna aliyesema kitu. Akauondoa, akaurudisha. 68. Mwenye duka akaomba mfuko mwingine, akaubeba yeye mwenyewe na shati lake jeupe. 68. Mimi nikapiga hesabu kichwani: 196 ukizizidisha kwa uongo huo huo unafika karibu 267, kilo moja tu pungufu ya 268. Basi dereva hakunidanganya, na karani wa stoo hakubuni. Chuma ndicho kilichokuwa kikisema uongo, siku baada ya siku, na watu wakinakili.

Nilifuta neno "wezi" nikiwa nimesimama pale pale. Kaka angenicheka sana, maana alikuwa akisema Yuri hakuandika kitu mpaka apate mtu wa pili na karatasi ya tatu, na mimi nilikuwa nimehukumu kwa karatasi moja na hasira ya jua.

Lakini nilimwuliza swali moja. Mizani hii ina muda gani hivi? Akasema ni ya zamani. Nikasema sikuuliza umri wake. Akatazama mifuko ya saruji, akasema ataiita idara ya vipimo waje waikague. Shilingi 1,440 zikaingia kwenye M-Pesa yangu kabla sijafika mlangoni, na ujumbe wa kuomba radhi juu yake. Kuhusu wateja wengine, wale ambao hawakuvaa miwani, nilimwuliza pia. Alisema ataangalia madaftari. Nimempa mwezi mmoja, na mwezi haujaisha, ndiyo maana nyota ya nne nimeishikilia mkononi.

Kwa wanaotaka kununua pale: kitanda chukueni, hakilii. Kabati lifae nguo nyepesi, makoti na mablanketi mazito yapelekeni kwenye sanduku la mbao. Maji yasiguse chini, likilowa litavimba kama andazi. Msilipie usafirishaji kwa kilo bila kujumlisha ubavu wa katoni. Ukienda, ulizia yule mzee wa kofia, na umpe kahawa kabla ya kazi.

Droo ya tatu inakwama. Wameahidi fundi atakuja Jumamosi, na nimewaambia wasimtume mwingine.